Kanda ya marehemu mjomba: je, sikio langu lina kasoro?

*"Mwalimu, shikamoo. Naishi Ngamiani, Tanga. Mjomba wangu alifariki mwaka jana. Alikuwa baharia, na sanduku lake nimeachiwa mimi. Ndani nimekuta redio kaseti na kanda tatu, zimeandikwa kwa kalamu ya wino: 'K. Crimson', 'Yes' na 'Pink F.' Nimesikiliza hiyo ya kwanza tu. Inaanza kwa fujo, mtu anaimba kama yumo ndani ya pipa, gitaa na saksafoni vinakimbizana, vyote vinasimama ghafla, vinaanza tena. Halafu inakuja filimbi ya upole kabisa. Baadaye kuna sauti kama za fidla nyingi zinazoyumbayumba. Mwishoni mwa upande wa kwanza vyombo vinaguswaguswa tu, dakika nyingi, hakuna wimbo, kisha kanda inakatika. Upande wa pili kugusagusa kunaendelea, halafu unakuja wimbo mkubwa ulionisimamisha nywele, kisha 'tap!', anaingia Shakila na taarabu. Mimi nimelelewa na taarabu na muziki wa dansi. Kitu hiki sijakielewa, na siwezi kukiacha. Nikijaribu kufuata kwa makofi napotea. Rafiki zangu wanasema ni kelele, bibi anasema ni muziki wa mashetani na wavuta bangi. Je, sikio langu lina kasoro, au kanda ndiyo imeharibika? Na muziki huu unasikilizwaje? Navaa spika za masikioni kila usiku, sasa masikio yananililia."*

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba wa mjomba.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza kama mwalimu wa muziki, mara mbili zilizofuata kwa furaha tu, kwa sababu umeieleza kanda hiyo vizuri kiasi kwamba naisikia kutoka huku Bagamoyo. Unaniuliza kama una kasoro kwa kuwa muziki umekuvuta kabla hujauelewa, na kama ni haki kupenda kitu ambacho mikono yako inashindwa kukifuata. Nikujibu kwanza kwa ufupi: sikio lako ni zima, na kanda kwa sehemu kubwa ni nzima. Hayo masikio kulia ndiyo siyapuuzi. Nitayafikia chini, lakini kwa leo usiku spika za masikioni ziweke pembeni.

Ulichokisikiliza ni albamu ya kwanza ya kundi la Uingereza liitwalo King Crimson, *In the Court of the Crimson King*, iliyotoka Oktoba 1969. Ina nyimbo tano tu. Ule wa fujo ndio wa kwanza. Sauti ya mwimbaji, Greg Lake, iliharibiwa kwa makusudi ili isikike kama inatoka kwenye kipaza sauti kibovu, hivyo pipa lako lina mwenyewe. Saksafoni na filimbi ni za mtu mmoja, Ian McDonald, na gitaa ni la Robert Fripp. Wengi wanaoupenda muziki huu unaoitwa roki progresivu huitaja albamu hiyo kama mlango wa nyumba. Mjomba wako hakuokota kanda yoyote tu.

Sasa kuhusu kukatika. Hebu itazame kanda yenyewe, naamini imeandikwa 60. Kanda ya 60 huchukua dakika 30 kila upande. Santuri ya albamu hiyo ina dakika zipatazo 22 upande wa kwanza na takriban kiasi hichohicho upande wa pili. Aliyerekodi alianza na upande wa kwanza wa santuri, akabakiwa na dakika kama nane, akageuza santuri na kuendelea mpaka kanda ikaisha. Wimbo wa nne una dakika 12. Unaanza na uimbaji mfupi, kisha wanamuziki wanaacha kila kitu na kuongea kwa vyombo kwa sauti ya chini, wakibuni papo hapo. Kanda ilikatika wakiwa humo. Kwa hiyo ule ukimya uliotungwa ni wao, na ule mkato ni wa kanda. Upande wa pili ukapokea dakika nne zilizobaki na ule wimbo mkubwa wa kufungia, zikabaki dakika kama 16 tupu. Na mjomba wako hakuziacha tupu. Hilo nitalirudia mwishoni, maana kwangu ndilo lililo zito kuliko yote uliyoniandikia.

Nikusimulie na mimi nilivyokutana nao, upate kuona kwamba kupotea si kwako peke yako. Ilikuwa mwaka 1986, hapahapa Bagamoyo, wakati wa masika. Jirani yetu alikuwa na redio kaseti kubwa, na alipewa kanda na mgeni aliyekuwa akiondoka. Aliniita jioni nikaketi barazani kwake. Kanda ikaanza kwa maji yanayotiririka na ndege wanaolia, nami nikageuka kutazama mwembe wa uani nikidhani ndege wako huko. Ghafla kundi zima likalipuka, kila chombo kikaenda njia yake. Nilitaka kuondoka, ila kwa adabu nikabaki. Baada ya muda ikatulia, watu wakawa wanaimba kwa kuitikiana polepole, taratibu kabisa, na nikaanza kujisikia nipo mahali. Hapohapo umeme ukakatika.

Haukurudi usiku ule wala kesho yake. Betri hatukuwa nazo. Siku mbili nzima nilitembea na wimbo uliokatwa kichwani. Nilikuwa nateka maji huku nabuni unavyoendelea: labda yatarudi maji na ndege, labda lile fujo. Usiku wa pili tumelala, umeme ukarudi. Jirani hakuwa amenyanyua kitufe, hivyo kanda ikajiendesha yenyewe, ikianza kwa mgugumo mzito wa kanda inayochukua kasi, na kutoka kwenye mgugumo ule kikatoka kinanda cha kanisani, kikubwa, kikaijaza mitaa miwili. Watoto wakalia, watu wakatoka nje. Mimi nilisimama gizani na mwili wote unanisisimka, kwa sababu katika mambo yote niliyoyabuni siku mbili zile, hilo sikulibuni. Wimbo ule ni *Close to the Edge* wa kundi la Yes, wa mwaka 1972, na una karibu dakika 19. Kinanda kile kilipigwa na Rick Wakeman katika kanisa moja la London. Kanda yako iliyoandikwa 'Yes', kama inaanza kwa ndege na maji, basi ndiyo hiyo, na nakuonea wivu kwa kuwa bado hujaisikia.

Nimekusimulia hayo kwa sababu ndani yake yamo maelezo ya kitaalamu unayoyataka. Sikio halipokei sauti tu kama ndoo inavyopokea maji ya bomba. Ubongo muda wote unabashiri: pigo lijalo litaanguka hapa, sauti ijayo itashuka pale. Ukisikiliza wimbo uliouzoea, ubashiri unatimia, unastarehe. Ukisikia kitu usichokuwa na ramani yake, ubashiri unaanguka kila baada ya sekunde chache, na unachoka. Wengi hapo husema "kelele" na kuzima, na rafiki zako hawakukosea kueleza walivyojisikia. Lakini kuna hali ya tatu, pale ubashiri unapovunjwa na kisha kutimizwa kwa namna kubwa kuliko ulivyotarajia. Hapo ubongo hutoa kemikali iitwayo dopamini, ileile inayohusika na raha ya kula na ya kupata kitu ulichokingojea. Nywele kusimama ndiko huko. Zile dakika za kugusagusa vyombo zilikunyima mdundo, zikakunyima wimbo, zikakunyima hata sauti ya kutosha, halafu ukaja ule wimbo mkubwa wenye waimbaji na fidla tele. Mwili wako uliitika sawasawa na walivyokusudia watunzi. Sikio lenye kasoro lisingefanya hivyo.

Wapo kweli watu wachache waliozaliwa bila uwezo wa kutambua tuni. Kwao, ukiondoa maneno, wimbo wa taifa na wimbo wa harusi ni kitu kimoja. Wewe wimbo umekusimamisha nywele. Dalili za hali hiyo sizioni kwako.

Tena nitakwenda mbali zaidi. Unasema umelelewa na taarabu na dansi kana kwamba ni kikwazo. Mimi naona ndiyo maana umenaswa. Fikiria taarabu uliyokulia. Vyombo vinatangulia peke yao muda mrefu kabla mwimbaji hajasimama. Kuna hata bashrafu, utungo mzima wa vyombo bila neno la kuimba, na wazee wanakaa wanasikiliza wametulia. Fikiria muziki wa dansi: wimbo unaanza taratibu na mashairi yake, halafu linaingia chemko na magitaa yanaachiwa. Wimbo mmoja, vyumba viwili vyenye hewa tofauti. Kijana aliyekulia nyimbo za dakika tatu za redio angeona ajabu wimbo kubadilika katikati. Wewe umelizoea hilo tangu ukiwa mgongoni. Na mji wako una historia yake katika kuthubutu. Black Star ya Tanga iliingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarabu wakati wengine walishikilia udi na kanuni, vyombo vya nyuzi vya asili ya Uarabuni, na wapo walioona ni kuharibu. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zilitoka hapohapo kwenu. Waingereza wa 1969 walikuwa wakifanya jambo la ukoo mmoja na hilo: walichukua roki waliyokulia, wakaikaribisha kwenye nyumba ya muziki wa kanisani, wa jazi na wa okestra, wakatazama watapatana vipi.

Kilichowapa nafasi ni santuri ndefu. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba kama dakika tatu au nne, na hiyo ndiyo ikawa saizi ya wimbo. Santuri kubwa ya mizunguko 33 na theluthi ilibeba dakika 20 na ushei kila upande. Wakajiuliza: kwa nini upande mzima usiwe wimbo mmoja? Genesis mwaka 1972 wakatunga wa dakika 23. Jethro Tull mwaka huohuo wakatoa wimbo mmoja wa pande zote mbili, dakika 43 na kitu.

Tuje kwenye makofi yako yanayopotea. Hili linatibika, na dawa yake unayo mdomoni. Nyimbo nyingi tulizozoea huenda kwa mapigo manne. Hawa wanapenda saba, tisa, au kubadilisha njiani. Ukipiga nne juu ya saba, lazima utupwe nje, kama mtu anayepanda ngazi gizani akidhani zimebaki mbili kumbe moja. Usihesabu namba, tumia mizani kama washairi wetu. Sema: Ta-nga ku-na-ni pa-le. Ni mizani saba. Irudie bila kupumzika kati, kila silabi pigo moja, huku ukitembea chumbani. Ukishaizoea, chukua kanda ya 'Pink F.' Kama ni *The Dark Side of the Moon* ya mwaka 1973, utaijua kwa mapigo ya moyo yanayosikika mwanzo kabisa. Upande wa pili unafunguliwa na wimbo unaoanza kwa sarafu na mashine ya kuhesabia fedha dukani. Sauti zile zilirekodiwa kwenye utepe, utepe ukakatwa vipande saba vilivyopimwa urefu, vikaungwa kuwa duara linalozunguka. Sema "Tanga kunani pale" juu yake na utaona imekaa kama kofia kichwani. Itafika gitaa linapochukua solo na maneno yako yatakataa kuingia. Usidhani umekosea, hapo wamehamia nne, baadaye watarudi. Kwa tisa mimi huwafundisha wanafunzi "Ba-ga-mo-yo m-ji m-ko-ngwe". Mtu aliyezoea kupima mshororo wa mizani 16, nane kwa nane, hawezi kushindwa na hesabu ya Waingereza.

Kwenye wimbo wa kwanza wa King Crimson, zile sehemu za kusimama wote na kuanza wote, usizihesabu kabisa. Hata wanamuziki huzikariri kama mtu anavyokariri sentensi. Zisikilize kama mtu anaongea kwa hasira na kuvuta pumzi.

Hizo fidla zinazoyumba nazo zina kisa. Si fidla. Ni kinanda kiitwacho Mellotron, kilichotengenezwa Birmingham tangu miaka ya 1960. Chini ya kila kibonyezo kuna kipande cha utepe kilichorekodiwa fidla halisi, sauti moja kwa kila kibonyezo. Ukibonyeza, utepe unavutwa kwa sekunde zipatazo nane, ukiachia unarudishwa na springi. Zikipita hizo nane sauti inakufa, upende usipende. Kwa kuwa ni tepe nyingi zinazovutwa na mota moja, hazitulii sawasawa, zinayumba kidogo kama sauti ya mtu anayejizuia kulia. Mimi naamini nusu ya huzuni ya albamu ile imetoka kwenye udhaifu huo wa mashine.

Lakini redio kaseti ya mjomba nayo ni nzee, na mkanda wake wa mpira ukilegea huyumbisha sauti vilevile. Utatofautishaje? Sikiliza mwimbaji na filimbi. Fidla zikiyumba huku mwimbaji ametulia, ni Mellotron, iache. Mwimbaji naye akiyumba, na Shakila akisikika kama amepanda mtumbwi, basi kasoro iko kwenye redio, na fundi redio yeyote mzuri ataubadilisha mkanda huo wa mpira.

Kuhusu bibi. Usimbishie, mwanangu. Anayekaa chumba cha pili akasikia fujo ile saa tano usiku bila kujua inatoka wapi, ana haki ya kuomba dua. Mashairi ya wimbo ule wa kwanza yanalalamikia ukatili na vita, na vita vya Vietnam vilikuwa vikiendelea siku zile. Fujo ya vyombo ni fujo ya dunia waliyokuwa wakiitazama. Santuri yenyewe ilikuwa na jalada la uso mwekundu unaopiga yowe, uliochorwa na kijana aitwaye Barry Godber, aliyefariki mwaka uliofuata, 1970. Kanda yako haina jalada, lakini ukiliona mahali utaelewa ni yowe la woga, si la kutisha watu. Na bangi, wapo wanamuziki wa enzi zile waliovuta na wapo wasiovuta, kama ilivyo katika kila muziki. Ninachoweza kukuhakikishia kama mpigaji ni kwamba ile misimamo ya ghafla, watu wanne kukata pigo moja kwa mwendo ule, hutokana na mazoezi ya siku nyingi na kichwa kilichotulia. Bibi mchezee wimbo wa pili, ule wa filimbi, mchana, kwa sauti ndogo. Anza hapo.

Rafiki zako nao wana mlango wao. Freddie Mercury alizaliwa Zanzibar mwaka 1946, ng'ambo tu ya maji kutoka hapa nilipo. *Bohemian Rhapsody* ya kundi lake, Queen, ya mwaka 1975, ina dakika 5 na sekunde 55, haina kiitikio kinachojirudia, na inapita kwenye uimbaji wa pole, opera, roki nzito na kurudi kwenye upole. Wengi huuimba bila kujua kwamba njia ya wimbo wa namna hiyo ilikwisha kufyekwa na hao unaowasikiliza wewe. Mtu akiufurahia huo, ana miguu ya kufika kwa King Crimson, anahitaji muda tu.

Na kuna jambo moja la huku kwetu ambalo kila nikilikumbuka nafurahi upya. Mwimbaji wa kwanza wa Genesis, hao wa wimbo wa dakika 23, ni Peter Gabriel. Aliondoka kundini mwaka 1975. Mwaka 1982 alishiriki kuanzisha tamasha la muziki wa dunia nzima, WOMAD. Tamasha la kwanza likamwachia madeni makubwa. Wenzake wa zamani wa Genesis wakakubali kupanda naye jukwaani tena, Oktoba 2 mwaka huohuo, huko Milton Keynes, ili madeni yalipwe. Tamasha likapona. Baadaye kwenye majukwaa ya WOMAD akasimama Mzee Hukwe Zawose na ilimba yake, marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, na zeze yake, Mgogo wa Dodoma aliyeishi na kufundisha hapa Bagamoyo mpaka alipofariki Desemba 2003. Studio ya Gabriel ikatoa albamu yake, *Chibite*, mwaka 1996. Itafute. Utamsikia mtu mmoja akishuka kwa sauti nzito kama ngoma na kupanda mpaka juu kabisa, na ilimba zikipishana mapigo kiasi kwamba hujui moja iko wapi. Mimi nilipitia Waingereza kwanza ndipo nikajifunza kumsikiliza Mzee Zawose ipasavyo, ingawa alikuwa hatua chache kutoka kwetu. Hilo linaniuma mpaka leo, na ndiyo maana nakuambia wewe uvisikilize vyote kwa pamoja tangu sasa.

Unasikilizwaje? Mara ya kwanza, kama ulivyofanya: peke yako, taa imezimwa, bila kutafuta maana. Mara ya pili, chagua chombo kimoja na ukifuate mpaka mwisho kama mtu anayemfuata ndugu yake sokoni. Fuata besi, usibabaike na mengine. Mara ya tatu, fuata dramu za Michael Giles, ambazo haziridhiki kupiga tu pigo, zinaongea. Baada ya hapo pumzika siku kadhaa, sikiliza taarabu yako, kisha rudi. Utakuta fujo imejipanga yenyewe usiku ulipokuwa umelala. Ukiwa na simu yenye bando unaweza kuisikia albamu nzima bila mkato, na nakushauri ufanye hivyo angalau mara moja, ujue wimbo wa nne unavyoungana.

Nisikudanganye, si kila kitu cha muziki huu ni kizuri. Baada ya kufaulu, wengine walirefusha kwa kurefusha. Yes mwishoni mwa 1973 walitoa santuri mbili zenye nyimbo nne tu, kila moja upande mzima, na Wakeman mwenyewe hakuipenda, akaondoka mwaka 1974. Mimi nimeisikiliza mara nyingi nikiitafuta sababu ya urefu ule, na kuna pande mbili ambazo sijaipata. Ukichoka na wimbo wa dakika 20, huenda wimbo ndio umechosha. Una haki ya kuuzima.

Sasa masikio yako. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo vinavyotikisika kwa sauti. Kelele nyingi huvichosha, na mlio unaousikia baada ya kuvua spika ni dalili ya uchovu huo. Vikifa, haviwezi kuota tena. Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda muda wa salama unapungua haraka sana. Muziki huu una mtego wake mwenyewe: zile dakika za kunong'ona zinakufanya uongeze sauti usikie, halafu wimbo mkubwa unakupiga ukiwa umeacha kitufe juu. Pumzisha masikio siku tatu nne kabisa. Ukirudi, tumia spika ya redio badala ya spika za masikioni, na weka sauti kwa kipimo cha sehemu kubwa, zile ndogo zikubali zilivyo.

Mlio ukibaki baada ya siku hizo, au ukiwa sikio moja tu, au ukiambatana na kizunguzungu, maumivu au usaha, usiniandikie mimi. Nenda hospitali ya Bombo, waeleze, waombe wakuelekeze kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na ikitokea siku umeamka sikio moja halisikii ghafla, nenda siku hiyohiyo, maana hapo kila siku inayopita inapunguza nafasi ya kupona. Mafuta ya moto, kitunguu, vijiti vya pamba, usitie chochote.

La mwisho ni kanda zenyewe. Hewa ya pwani haizipendi. Zitazame kwenye mwanga kupitia kidirisha: ukiona unga mweupe pembezoni mwa utepe, ni ukungu, usizicheze hata mara moja, maana zitachafua redio na kujichana. Mpelekee mtu anayehamisha kanda kwenye kompyuta. Kama ni safi, zizungushe kwanza kwa mkono ukitumia kalamu, mpaka mwisho na kurudi, taratibu, utepe uliogandana uachane. Muulize fundi asafishe kichwa cha kusomea kwa spiriti safi na pamba. Kisha zihamishe mapema, kwa sababu kanda ya zaidi ya miaka 30 haihesabiwi misimu mingi.

Wakati wa kuihamisha hiyo ya King Crimson, anayekufanyia kazi huenda akataka kukusaidia: atakuambia albamu ipo mtandaoni ikiwa safi zaidi, aache hiyo, achukue taarabu tu, au aondoe ule "tap" wa katikati. Mkatalie. Mjomba wako alibakiwa na dakika 16, na katika muziki wote aliousikia kwenye bandari zote alizopita, baada ya wimbo ule mkubwa akaona anayefaa kufuata ni Shakila. Ihamishe upande wote bila kukata, kuanzia kugusagusa vyombo mpaka taarabu inapoisha. Ule mlio wa kitufe hapo katikati ni kidole chake.